Kioo kikiwa cheusi, kompyuta haijafa: namna ya kupanga muda wa kulala

Mwezi wa kumi, msimu wa korosho umeshachanganya, simu yangu inaita saa nne asubuhi. Ni binti wa dada yangu, karani wa chama cha msingi cha ushirika huko Tandahimba.

"Shikamoo mjomba. Kompyuta imekufa."

"Marahaba. Imekufaje?"

"Nilikuwa naingiza kilo za watu, nikatoka kidogo kwenda kwenye mizani, kuna gunia lilikuwa na ubishi. Narudi, kioo cheusi tii. Nikakandamiza pale pa kuwashia mpaka taa ikazima, nikawasha upya."

"Ulikuwa umesevu?"

Kimya. Nyuma yake nasikia mtu anataja namba za magunia.

"Mpaka mstari wa 90, mjomba."

Alikuwa ameshafika mstari wa 140. Bahati nzuri Excel hujiwekea nakala yenyewe kila baada ya dakika 10, kwa hiyo tulipoifungua tena ikaturudishia sehemu kubwa. Waliobaki ikabidi waitwe upya na vikaratasi vyao vya mizani, na mkulima aliyeamka alfajiri kupanga foleni haitwi mara mbili akacheka. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kompyuta haikufa. Haikuzima hata kidogo. Kioo kilikuwa kimepumzika baada ya dakika tatu, kama kilivyoamriwa kiwandani, na kilikuwa kinasubiri mtu aguse kitufe chochote kiwake. Aliyeiua ni yeye, kwa kidole chake.

Nina steshenari hapa Mtwara mjini, na kesi hii naletewa mara nyingi kuliko ya virusi. Wapo wanaobeba kompyuta nzima kwenye bodaboda wakidhani imeungua. Wapo walio upande wa pili, kioo kinawaka usiku kucha ofisini hamna mtu. Wote dawa yao ni moja na haizidi dakika tano.

Kwanza tofautisha usingizi

Watu wanachanganya vitu vitatu kwa sababu vyote vinaonekana sawa: kioo cheusi.

Cha kwanza ni kioo kuzima. Kompyuta yenyewe iko macho, inaendelea na kazi zake. Ikiwa inapakua faili inaendelea kupakua, ikiwa inapiga muziki muziki unaendelea. Ni kama muuza duka aliyeshusha pazia naye yuko ndani anahesabu mauzo. Ukigusa mausi, kioo kinawaka papo hapo.

Cha pili ni kompyuta kulala, ndiyo inayoitwa Sleep kwenye mipangilio. Hapa karibu kila kitu kinasimama isipokuwa kumbukumbu ya muda, ile RAM, ambayo inaendelea kupewa umeme kidogo ili ishike kazi uliyoiacha wazi. Ukiiamsha inachukua sekunde chache na kila kitu unakikuta pale pale. Lakini ukumbuke neno hilo: inapewa umeme. Umeme ukikatika kabisa na betri hamna, kilichokuwa kwenye RAM kimekwenda na maji.

Cha tatu ni Hibernate, mimi nauita kulala fofofo. Kompyuta inaandika kila kilicho wazi kwenye diski, halafu inazima kabisa. Haili umeme. Unaweza kuchomoa waya, ukapanda basi mpaka Dar es Salaam, ukaiwasha kule ukaikuta ile barua uliyoiacha katikati ya sentensi. Kuamka kwake kunachelewa kidogo, basi.

Sasa kioo kina saa yake na kompyuta ina saa yake. Hizo ni saa mbili tofauti, na kwenye laptopu kila moja imegawanyika tena: muda wa ukiwa kwenye chaja na muda wa ukiwa kwenye betri. Kwa hiyo jumla unapanga namba nne. Karani wetu alikuwa anadhani ipo moja, tena ya kuogopa.

Windows 11, hatua kwa hatua

Majina ya sehemu nayaacha kama yanavyosomeka kwenye kioo, maana kompyuta nyingi zinazopita mezani kwangu zimewekwa kwa Kiingereza.

1. Kandamiza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi I. Mipangilio, yaani Settings, inafunguka.

2. Upande wa kushoto bofya System, kisha upande wa kulia shuka mpaka Power & battery. Kama ni kompyuta ya mezani utakuta Power peke yake, kwa kuwa haina betri.

3. Tafuta Screen and sleep. Kwenye Windows 11 iliyosasishwa karibuni jina limerefuka, limekuwa Screen, sleep, & hibernate timeouts. Bofya pafunguke.

4. Utaona zile namba zako. Turn off my screen ni ya kioo. Put my device to sleep ni ya kompyuta. On battery ni unapotumia betri, plugged in ni ukiwa umechomeka chaja. Toleo jipya limeongeza na mstari wa Hibernate hapo hapo.

5. Bofya kisanduku cha muda, chagua. Orodha inaanza na dakika 1, inakwenda mpaka saa kadhaa, na mwisho kuna Never, yaani kisizime kamwe.

Hapa usitafute pa kusevu. Ukishachagua, imekubali; funga dirisha uendelee na kazi zako. Mzee mmoja alinikalia dakika nzima anatafuta kitufe cha OK, anasema haiwezekani jambo likakamilika bila kugonga muhuri.

Jambo moja la kuangalia: muda wa kioo uwe mfupi kuliko muda wa kompyuta. Ukiweka kioo kizime baada ya dakika 30 na kompyuta ilale baada ya dakika 10, kompyuta ikilala kwanza itazima na kioo chake, na ile 30 uliyoiweka inakuwa pambo.

Windows 10 na zile za zamani

Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, lakini bado imejaa maofisini, na mashine ambayo Windows 11 imeikataa haitupwi kwa sababu hiyo tu. Njia ni ile ile: alama ya dirisha na I, System, halafu Power & sleep. Namba zinaonekana moja kwa moja, za kioo juu, za kulala chini.

Kwa Windows 7, na ndiyo, zipo, nenda Control Panel, kisha Power Options, kisha upande wa kushoto Change when the computer sleeps. Mlango huu wa Control Panel bado upo hata kwenye Windows 10 na 11. Njia ya mkato ya kuufikia: alama ya dirisha na R, andika powercfg.cpl, gonga Enter. Utaona mpango unaotumika, mara nyingi Balanced, na pembeni yake Change plan settings. Huku sasa, tofauti na kule kwenye Settings, usipobofya Save changes umefanya kazi bure.

Anayependa kuandika amri, au fundi mwenye kompyuta kumi za darasa asiyetaka kubofya kumi mara kumi, afungue Command Prompt aandike:

powercfg /change monitor-timeout-ac 10
powercfg /change monitor-timeout-dc 5
powercfg /change standby-timeout-ac 45
powercfg /change standby-timeout-dc 20

Monitor ni kioo, standby ni kompyuta kulala, ac ni umeme wa ukutani, dc ni betri, namba ni dakika. Ukiweka 0 maana yake usilale kamwe. Wengi wanadhani 0 ni lala sasa hivi, wanashangaa mbona kompyuta haisinzii.

Uweke dakika ngapi?

Hapa hakuna namba ya kila mtu, kuna kazi yako na umeme wako.

Karani wa mizani, ambaye anaandika, anainuka, anarudi: kioo dakika 10 kwenye chaja, dakika 5 kwenye betri. Kompyuta ilale baada ya dakika 45 kwenye chaja na dakika 20 kwenye betri. Dakika tatu za kiwandani zinamfaa mtu anayekaa mezani bila kunyanyuka, na karani wa msimu si mtu huyo. Lakini pia simshauri aweke Never. Kwenye betri Never ni kujitafutia ubaya, maana siku umeme utakapokatika saa tano na kurudi saa tisa, ile betri ndiyo itakayobeba foleni.

Mwenye steshenari kama mimi, kompyuta ya mezani inayochapa siku nzima: kioo dakika 5, kompyuta Never wakati wa kazi, jioni naizima mwenyewe. Kuna sababu. Ikilala katikati ya kutuma kurasa 60 kwenye printa, mteja anasimama na shilingi zake mkononi, printa imeganda, wewe unaanza kubahatisha.

Ya nyumbani, watoto wanatazama katuni: usibadilishe lolote kwa ajili ya katuni. Programu nyingi za video huzuia kioo kisizime wakati picha inacheza. Kikikuzimia katikati ya video, hiyo programu haijaiambia Windows kwamba ina kazi. Jaribu kuifungua video hiyo kwa programu ya VLC.

Mwalimu mwenye projekta: PowerPoint ikiwa imejaza kioo kizima kwa maonyesho, inazuia yenyewe kioo kulala. Tatizo linakuja unapoonyesha kitu kingine, picha au ukurasa wa PDF, ukauacha palepale dakika ishirini ukifundisha. Ndipo darasa zima linaguna. Weka Never kabla ya kipindi, na kwenye kiganja andika kwa kalamu ya wino "rudisha", kwa sababu utasahau. Kama una bando la kutosha, Microsoft wana kifurushi cha bure kinaitwa PowerToys. Ndani yake kuna kidude cha Awake kinachoizuia kompyuta kulala kwa muda unaoutaja mwenyewe, kisha kinaachia bila wewe kukumbuka. Hicho nakipenda kuliko wino.

Kuhusu umeme wa LUKU, nisikudanganye. Kioo cha kawaida cha mezani kinakula kama wati 20. Kikiwaka bure saa 5 kwa siku, siku 26 za kazi, hizo ni uniti 2.6 kwa mwezi. Kwa kompyuta moja utaona ni kidogo. Kwa chumba cha kompyuta 20 cha shule ni uniti 52, na hapo mhasibu atataka kujua. Faida kubwa kwa mtu wa laptopu haiko kwenye LUKU, iko kwenye betri kudumu mpaka jioni. Na kama betri ndiyo shida yako, kabla ya kuhangaika na dakika, punguza kwanza mwanga wa kioo. Mwanga uliojazwa mpaka mwisho ndani ya chumba chenye kivuli unamaliza betri huku unatazama, dakika zako zikiwa zimepangwa vizuri kabisa.

Kifuniko na kitufe cha kuwashia

Mipangilio ya muda peke yake haitoshi kama hujui laptopu yako inafanya nini ukiifunika. Fungua tena powercfg.cpl, upande wa kushoto bofya Choose what closing the lid does. Utakuta mistari mitatu: kitufe cha kuwashia, kitufe cha kulala, na kifuniko, kila mmoja una nafasi ya betri na ya chaja. Chaguo ni Do nothing, Sleep, Hibernate na Shut down. Kwenye baadhi ya kompyuta kitufe cha kuwashia kina chaguo la tano, kuzima kioo tu.

Nisimulie ujinga wangu. Mwaka mmoja niliweka Do nothing kwenye kifuniko ili niweze kufunika laptopu huku inaendelea kuchapa, vumbi lisiingie kwenye kibodi. Nikasahau. Wiki mbili baadaye nikaifunika, nikaitia kwenye begi katikati ya nguo, nikapanda basi la Masasi. Ndani ya begi ilikuwa macho njia nzima, feni yake inavuta hewa ya moto ya mashati. Nafika Masasi, begi limepata joto kama limetoka kupigwa pasi, betri sifuri. Ilipona, lakini betri ile haikuwa tena kama zamani.

Kwa hiyo: kifuniko kwenye betri, Sleep au Hibernate, hakuna mjadala. Kwenye chaja fanya utakavyo.

Kwa kitufe cha kuwashia, jua kwamba kukigusa mara moja na kukikandamiza ni lugha mbili tofauti. Kukigusa mara moja unaamsha kompyuta iliyolala, au kama iko macho inafanya ulichochagua hapo juu. Kukikandamiza sekunde kadhaa mfululizo ni kuikata kwa nguvu, na mpangilio wowote uliouweka hausikilizwi. Hiyo ndiyo iliyokula mistari ya karani.

Hibernate haionekani, nifanyeje?

Windows nyingi zimeificha. Kwenye ukurasa ule ule wa kifuniko, juu kuna maandishi ya bluu: Change settings that are currently unavailable. Yabofye, shuka chini, weka tiki kwenye Hibernate, kisha Save changes. Kuanzia hapo utaiona kila unapobofya kitufe cha kuzima kwenye menyu ya Start.

Kama hata tiki yenyewe haipo, tafuta Command Prompt, bofya kulia uchague Run as administrator, andika powercfg /hibernate on. Itatenga gigabaiti kadhaa kwenye diski kwa ajili ya kuandika usingizi wake. Kwa diski iliyojaa picha za harusi, futa kwanza.

Nini kilichonifanya niipende Hibernate? Laptopu nyingi mpya zikilala hazilali kweli. Zina usingizi wa mang'amung'amu: zinabaki zimeunganika na mtandao, zinapokea barua pepe, zinajisasisha. Unaifunika usiku ikiwa na asilimia 80, asubuhi unaikuta 55 na hujui nani kaila. Ukitaka kujua yako ni ya aina gani, andika powercfg /a. Ukiona Standby (S0 Low Power Idle) kwenye orodha ya zinazopatikana, ndiyo hiyo. Yangu nimeiwekea mchana ilale Sleep, usiku naipeleka Hibernate kwa mkono.

Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, lile boksi la betri ya akiba, kuna njia ya katikati inaitwa Hybrid sleep. Inalala kawaida, lakini kabla ya kulala inaandika na nakala kwenye diski. Umeme ukikatika usiku, asubuhi inaendelea kutoka kwenye nakala. Nenda powercfg.cpl, Change plan settings, Change advanced power settings, fungua Sleep, kisha Allow hybrid sleep uweke On. Usipouona mstari huo, kompyuta yako haina uwezo nao, nunua UPS au ujizoeze kusevu kwa Ctrl na S.

Neno la siri baada ya kuamka

Hili watu wanaliruka. Kompyuta ya chama ina majina ya wakulima, kilo zao na namba zao za benki. Ikilala na kuamka bila kuuliza neno la siri, yeyote anayepita dirishani anasoma. Settings, Accounts, Sign-in options. Panapouliza baada ya kuondoka Windows ikudai lini kuingia tena, chagua inapoamka kutoka usingizini. Na ukinyanyuka ghafla, usisubiri ilale yenyewe: alama ya dirisha na L, kioo kinafungwa hapo hapo.

Inapokataa

Umepanga vizuri na bado haisikii. Sababu ninazokutana nazo ni hizi.

Hailali kabisa. Kuna programu inaizuia. Fungua Command Prompt kama administrator, andika powercfg /requests. Itakutajia nani kashika, mara nyingi kivinjari chenye video iliyofunguliwa, au programu ya sauti. Ifunge.

Inaamka yenyewe. Andika powercfg /lastwake ujue nani kaiamsha mara ya mwisho. Kwangu ilikuwa mausi. Meza yangu inagusana na meza ya fundi cherehani. Akikanyaga, meza zote mbili zinatetemeka, mausi inasogea unywele mmoja, kompyuta inaamka. Nikaingia Device Manager, Mice and other pointing devices, nikabofya mara mbili jina la mausi, kwenye Power Management nikaondoa tiki ya Allow this device to wake the computer. Sasa inaamshwa kwa kibodi tu. Fundi naye hajui kwamba alikuwa mtuhumiwa.

Kioo kinabaki cheusi hata ukigusa kibodi. Usikimbilie kitufe cha kuwashia. Tazama taa ya kompyuta: nyingi zinapepesa zikiwa zimelala, zinatulia zikiwa macho. Kama inapepesa, gusa kitufe cha kuwashia mara moja, kidogo tu. Kama imetulia na kioo ni cheusi, kandamiza kwa pamoja alama ya dirisha, Ctrl, Shift na B. Kompyuta italia kidogo au kioo kitatingishika, imeanzisha upya upande wa picha bila kugusa kazi zako. Kwa kompyuta ya mezani, kagua pia waya wa kioo nyuma na soketi yake. Nimeshatoza watu pesa ya soda kwa kuchomeka waya tu, na mmoja hakunisamehe.

Vile vile angalia screen saver. Hiyo ni picha inayochezacheza ukiwa umeacha kompyuta, ilibuniwa enzi za vioo vyenye kisogo ili picha isichomeke kwenye kioo. Kwenye vioo bapa vya kawaida vya siku hizi haina kazi hiyo, na ikicheza kioo kinabaki kinawaka na kula umeme. Weka None.

Mwisho, sehemu ikiwa ya kijivu na haibofyeki, na juu yake maandishi yanasema mipangilio inasimamiwa na taasisi, usipigane nayo. Ofisi imeifunga kwa makusudi. Mpigie mtu wa tehama wa ofisi yako.

Mac na Ubuntu kwa kifupi

Kwenye Mac, bofya tufaha juu kushoto, System Settings, Lock Screen. Muda wa kioo uko hapo, wa betri na wa chaja. Kuizuia isilale ikiwa kwenye chaja na kioo kimezima, nenda Battery, kisha Options. Kuishikilia macho kwa muda, fungua Terminal uandike caffeinate, ukimaliza kandamiza Control na C. Kahawa yake ni ya bure.

Ubuntu: Settings, Power. Screen Blank ni ya kioo, Automatic Suspend ni ya kompyuta kulala. Hayo tu.

Ya karani wetu

Jumamosi ile nilipanda mpaka Tandahimba. Nilimwekea zile 10, 5, 45 na 20, kifuniko Sleep, Hibernate nikaitoa mafichoni. Nakala ya Excel nikaishusha kutoka dakika 10 hadi 2: File, Options, Save, mstari wa AutoRecover. Kitufe cha kuwashia nikakiwekea Do nothing, akikigusa kwa bahati mbaya kisimfanye kitu.

"Na nikikikandamiza?"

"Ukikikandamiza, mwanangu, hakuna mpangilio utakaokuokoa."

Akacheka, akachukua kipande cha karatasi ya stakabadhi iliyoharibika, akaandika kwa kalamu nzito: KIOO KIKIZIMA GUSA SHIFT. HAPA USIGUSE. Akachora mshale, akabandika kwa selotepu kando ya kitufe. Shift nilimchagulia mimi, kwa kuwa haiandiki herufi yoyote. Ukigusa Enter au herufi nyingine unaweza kukuta umeingiza takataka kwenye kilo za mtu. Na karatasi ile haikuwa kwa ajili yake. Zamu ya mchana anakaa mwenzake, na huyo sikuwahi kumfundisha.